Fahamu: Namna ya kuzuia rafadha ya boti isiote magamba

Boti iliyokaa wiki kadhaa bila kutembea hupungua kasi na kula mafuta zaidi. Mara nyingi injini haina hitilafu. Tatizo liko chini, kwenye rafadha.

Chuma kikizama baharini hufunikwa na ute wa bakteria ndani ya saa chache. Baadaye huja mwani, kisha wanyama wadogo wenye gamba gumu, jamaa wa kaa na kamba. Hawa hujigandisha kwa gundi yao wenyewe, na wakishakomaa hawatoki bila kukwanguliwa.

Mabaharia wa pwani yetu walipaka majahazi deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Rafadha ni ngumu zaidi kuilinda, maana mzunguko wake hubandua rangi ya kawaida. Ndiyo sababu hutumika mpako wa silikoni. Huu hauui chochote. Unateleza tu, na vilivyoshika hung'oka boti ikikimbia. Sharti chuma kisafishwe kabisa kwanza, na hapo ndipo wengi huharakisha.

Rangi ya shaba usiipake kwenye mguu wa injini wa alumini, utalika. Kipande cha zinki kiache wazi: kazi yake ni kuliwa badala ya rafadha. Rangi zenye sumu ya tributiltini zilipigwa marufuku kimataifa mwaka 2008, baada ya kuharibu uzazi wa konokono wa baharini. Ukiuziwa, kataa.

Na kama injini yako ni ya kupachika nyuma, inua mguu wake utoke majini kila unapotia nanga.