Wenyeji Wasioonekana wa Hodhi la Bahari

Je, wajua ya kuwa hodhi la kioo lililojazwa maji ya chumvi maangavu, likatandikwa mchanga mweupe na kupambwa kwa mawe na taa, laweza kumwua samaki kwa siku chache tu, ilhali hodhi jingine, ambalo mawe yake yameota utando wa hudhurungi na kioo chake kimeanza kufifia kwa mimea midogo, humlea samaki yule yule kwa miaka mingi? Tofauti baina ya mawili hayo haionekani kwa jicho: hilo la pili limekwisha kuhamiwa na wenyeji wake, na hilo la kwanza lingali tupu.

Tuseme kwamba mtu wa Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, ametamani kuiona bahari sebuleni mwake. Bahari yenyewe iko mbali naye, kwani kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na maji yanayomfikia bombani asili yake ni Nalubaale, ndilo Ziwa Viktoria, matamu yasiyo na chumvi ya kutajika, tena yaliyotiwa klorini ili wanywaji wasidhuriwe na vijidudu. Hana budi basi kuitengeneza bahari kwa mikono yake. Kwa hodhi la lita 200 atahitaji kiasi cha kilo 7 za chumvi, maana kila lita ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35. Wala chumvi ya jikoni haitamfaa, kwa sababu baharini mna magnesi, kalisi, potasi na salfeti, ambazo viumbe wa huko wamezizoea tangu azali. Klorini nayo ataiondoa kwanza, kwa kuwa dawa ile ile imlindayo mwanadamu huwaangamiza hao wenyeji tunaotaka kuwakaribisha.

Chumvi imekwisha kuyeyuka, pampu yazunguka, joto limetulia kwenye nyuzi 26. Na hapo ndipo haraka inapomponza mtu. Samaki hutoa sehemu kubwa ya uchafu wake wa nitrojeni si kwa mkojo kama sisi, bali kwa matamvua, nao hutoka ukiwa amonia. Amonia majini huwa na sura mbili: moja yenye chaji ya umeme, isiyopenya mwilini kwa wepesi, na nyingine isiyo na chaji, ipenyayo matamvua na kuyaunguza. Uwiano wa sura hizo hufuata kipimo cha asidi, yaani pH. Na maadamu maji ya bahari yana pH ya takriban 8.2, sehemu ya amonia iliyo katika sura ile ya sumu huwa zaidi ya mara kumi ya ile ya maji yenye pH ya 7. Kiasi ambacho samaki wa maji matamu angekistahimili katika maji ya namna hiyo, huwa mauti kwa samaki wa baharini.

Katika bahari pana sumu hiyo hailimbikizani, kwa kuwa wapo bakteria waifanyao kuwa riziki yao. Kundi la kwanza huiunganisha amonia na oksijeni ikawa nitriti. Kundi la pili huipokea nitriti, ambayo nayo ni sumu, likaigeuza kuwa nitrati, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo mno yakilinganishwa na ya hizo mbili. Mahuluki hawa, ndio wenyeji wetu, hawahitaji nuru wala sukari: nguvu zao huzipata katika mageuzi hayo yenyewe, na miili yao huijenga kwa kaboni iliyoyeyuka majini. Walakini riziki hiyo ni nyembamba, na mwenye riziki nyembamba haongezeki upesi. Bakteria wa matumbo aliyeshiba aweza kugawanyika kila baada ya dakika 20, lakini hawa huchukua saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Aidha hodhini wengi wao hawaishi kwa kuelea majini, bali hujishikiza juu ya mawe, katika mchanga na ndani ya vitundu vya sponji ya chujio. Hii ndiyo sababu hodhi jipya aghalabu huhitaji wiki nne hadi sita za kukomaa, wala maji mazuri peke yake hayawezi kuufupisha muda huo.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza mchanga na chokaa katika mrija wa kioo wenye urefu wa mita moja, wakayapitisha humo maji machafu ya mitaro polepole. Siku 20 zilipita, na amonia ikitoka chini kama ilivyoingia juu. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, ikazidi na kuzidi, hata amonia ikatoweka kabisa. Lau jambo hilo lingalikuwa la kemia tupu, lingalianza siku ile ile ya kwanza. Kuchelewa kwake kulikuwa dalili ya kitu kinachozaliana. Wakapitisha mvuke wa klorofomu mrijani, kazi ikasimama. Baadaye wakatia maji yaliyooshewa udongo wa bustani, nayo kazi ikarudi. Miaka kadhaa baadaye, mnamo 1890, Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa akifanya utafiti wake Zürich, aliwatenga viumbe wenyewe, baada ya kutambua kwamba hawastawi juu ya vyakula vinono walivyozoea wataalamu kuwapa bakteria wengine.

La ajabu zaidi ni kwamba hodhi la samaki nalo limeifundisha dunia. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba wamemtenga kiumbe mdogo aigeuzaye amonia kuwa nitriti, asiye bakteria bali wa kundi jingine la kale liitwalo akea, wakamwita Nitrosopumilus maritimus. Na mahali walipompata ni katika changarawe za hodhi la bahari ya kitropiki kwenye jumba la samaki la Seattle, Marekani. Jamaa zake wametambuliwa kuwa miongoni mwa viumbe walio wengi kupita kiasi baharini, nao walikuwa wakihudumu katika mahodhi ya watu pasipo mtu kuwajua.

Tumrudie mtu wetu wa Kawempe. Wenyeji hawaji pasipo chakula, kwa hiyo hodhi lisilo na samaki hulishwa amonia. Na asiyekuwa nayo ya chupa aweza kwenda soko la Kalerwe akanunua dagaa, ambao Waganda huwaita mukene, akawaosha mchanga na kuwatumbukiza wachache waoze humo. Mbegu ya wenyeji huiomba kwa mwenye hodhi la bahari lililokwisha kukomaa, konzi ya mchanga au jiwe moja bichi, kwani wa maji matamu aghalabu hawafai katika chumvi. Kila baada ya siku mbili au tatu huchota maji kidogo katika kichupa cha kupimia, akatia matone ya dawa, akakiweka mbele ya karatasi nyeupe na kungoja. Katika aina moja ya vipimo vinavyouzwa sana, maji yasiyo na amonia hubaki manjano, na yenye amonia hugeuka kijani. Yasiyo na nitriti huwa na rangi ya samawati, na yenye nitriti huwa zambarau. Wiki za kwanza kijani hukoza. Kisha hufifia, na zambarau ikatokea mahali pake, ikakaa muda mrefu hata mtu akadhani kwamba kazi imekwama. Mwishowe asubuhi moja vichupa viwili husimama, kimoja manjano na kingine samawati. Hapo huitia tena amonia kufikia miligramu 2 kwa lita, na ikiwa baada ya saa 24 amonia na nitriti zote mbili zimetoweka, hodhi limekomaa.

Fauka ya hayo, Kampala ina jambo lake. Jiji limekaa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo oksijeni iyeyukayo majini ni pungufu kwa kadiri hiyo; na maji ya chumvi kwa tabia yake hushika oksijeni kidogo kuliko matamu. Umeme ukikatika, samaki na bakteria hugombea pumzi moja. Kwa hiyo pampu ndogo ya hewa itumiayo betri si anasa katika nyumba ya Kawempe, nayo sponji ya chujio haioshwi kwa maji ya bomba, bali kwa maji yaliyotolewa hodhini, ili klorini isiwaue wenyeji wote kwa mara moja.

Tena asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya kioo na taa tu. Upande wa magharibi wa Kawempe limetanda bwawa la Lubigi, lipokealo maji ya mitaro ya Bwaise na mitaa jirani. Na juu ya mizizi ya mafunjo ya mabwawa kama hayo hukaa jamaa za bakteria hao hao, wakifanya kazi ile ile pasipo ujira. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, waliochunguza bwawa la Nakivubo upande wa pili wa jiji na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999, waliona kwamba penye mafunjo maji machafu husafika zaidi kuliko penye majani mengine ya bwawa. Afukiaye bwawa kwa kifusi hafukii matope tu, bali awafukia na wenyeji hao.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika hodhi la bahari wenyeji ndio watanguliao, ili mgeni apone. Basi, ewe msomaji uliyekwisha kununua kioo na chumvi, usinunue samaki siku hiyo. Lisha hodhi tupu, pima, andika tarehe, na ngoja. Vichupa vikikupa ruhusa, mtie samaki mmoja, au wawili wadogo, kisha ungoje tena wiki kadhaa, kwa kuwa wenyeji huongezeka kwa kadiri ya riziki, wala hawaongezeki kabla yake.