Ukanda wa Karatasi Uliopofusha Rada

Usiku wa tarehe 24 Julai, 1943, ndege 791 za Uingereza zilitumwa kuupiga mabomu mji wa Hamburg, Ujerumani. Mji huo ulilindwa kwa mizinga ya kutungulia ndege, taa kubwa za kumulika angani na ndege za kivita za usiku, na ulinzi wote huo ulitegemea rada. Katika mashambulizi ya miezi iliyotangulia, Waingereza walikuwa wakipoteza zaidi ya ndege 4 katika kila 100. Usiku ule, kati ya ndege zote hizo, zilipotea 12 tu. Kilichoziokoa si bunduki wala mwendo wa kasi, bali vipande vya karatasi.

Rada ionavyo

Rada hutoa mapigo mafupi ya mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yakigonga ndege hurudi kama mwangwi, na muda wa kwenda na kurudi huonyesha umbali wa ndege hiyo. Hata hivyo, rada za wakati huo hazikuweza kutambua umbo la kitu kilichogongwa; mwendeshaji aliona alama ya mwangwi tu kwenye kioo chake. Basi, kitu chochote chenye kurudisha mwangwi mkubwa kingeweza kudhaniwa kuwa ndege.

Ukanda mwembamba wa metali, ukiwa na urefu ulio nusu ya urefu wa wimbi, hurudisha mwangwi mkubwa usiolingana na udogo wake. Sababu ni kwamba umeme ulio ndani ya ukanda huo hutikisika kwa kufuatana barabara na wimbi lenyewe. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliye kwenye bembea: akisukumwa kwa wakati wake, hupanda juu hata kama msukumo ni mdogo.

Rada ya Kijerumani iliyoitwa Würzburg ilitumia mawimbi yenye mitetemo ipatayo milioni 560 kwa sekunde. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya mwendo huo kwa idadi ya mitetemo, atapata urefu wa wimbi wa sentimita 54 hivi, ambao nusu yake ni sentimita 27. Huo ndio uliokuwa urefu wa vipande vilivyomwagwa juu ya Hamburg: karatasi iliyobandikwa alumini, pakiti moja kutoka kila ndege kwa kila dakika. Vioo vya rada vilijaa alama, taa zikamulika ovyo, na mizinga ikapiga kwa kubahatisha.

Siri ya pande mbili

Mbinu hiyo haikuwa mpya. Mwanafizikia Joan Curran alikuwa ameifanyia majaribio huko Uingereza mwaka 1942, lakini wakuu walichelea kuitumia, wasije Wajerumani wakaiiga na kuishambulia London. Kumbe Wajerumani nao walikuwa wameigundua, wakaipa jina la Düppel, nao wakaificha kwa hofu ileile. Kila upande ulilinda siri ambayo mwenzake alikuwa nayo tayari, na wakati huo marubani waliendelea kufa. Kanuni za maumbile haziwezi kufungiwa kabatini. Apimaye kwa uangalifu huzifikia, awe rafiki au adui.

Dawa na kinga yake

Wajerumani hawakukaa kimya. Walitambua kwamba karatasi huchukuliwa na upepo polepole, ilhali ndege hukimbia. Mwangwi wa kitu kiendacho kasi hubadilika mitetemo yake, kama mlio wa honi ya gari lipitapo, hivyo vikatengenezwa vifaa vya kuitenga miangwi hiyo miwili. Aidha, ndege zao za usiku zilifungwa rada mpya, SN-2, yenye mawimbi ya urefu wa mita 3.3 hivi, ambayo haikusumbuliwa na kanda za sentimita 27. Mwezi Julai, 1944, ndege moja yenye rada hiyo ilitua Uingereza kwa makosa. Waingereza wakaichunguza, wakatengeneza kanda ndefu zaidi.

Katika vita vya Vietnam, miaka ya 1960, Wamarekani walitumia njia nyingine: kombora lililofuata mawimbi ya rada yenyewe hadi yanakotoka. Mwendeshaji alipaswa kuchagua kati ya kuizima rada, asiongoze tena makombora yake, na kuiacha ikiwaka, huenda akauawa.

Lakini ndege kunusurika ni nusu tu ya habari ya Hamburg. Mashambulizi yaliendelea, na usiku wa tarehe 27 Julai mioto mingi iliungana ikawa tufani moja ya moto. Katika siku hizo walikufa watu zaidi ya 30,000, wengi wao raia. Hesabu iliyowarudisha marubani nyumbani ndiyo iliyowaacha watu hao bila kinga, na afundishaye nusu ya wimbi afundishe na hilo pia.