Hofu ya Kusimama Mbele ya Watu



Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo liko jambo tunaloliona karibu kila wiki. Injili ikiisha kusomwa, mwenyekiti huuliza ni nani atakayetuongoza katika maombi. Mara vichwa vyote huinama, kila mmoja akitafuta ukurasa ambao hakuupoteza. Tunacheka, kisha wale wale wawili watatu wanasali kama ilivyo desturi. Lakini yumo mmoja ambaye hakucheka. Usiku kucha aliwaza kwamba huenda leo atatajwa yeye. Juma lijalo atasema ana mgeni, na lile linalofuata pia. Baada ya miezi michache tunamhesabu miongoni mwa walegevu wa imani, na siku atakapotaka kumbatiza mwanawe, ataambiwa kwamba Jumuiya haimfahamu.

Lugha yetu inatutatanisha kidogo hapa. Mtu akiwa na haya twamsifu, maana haya ni tunda la malezi mema: kijana hapazi sauti mbele ya wazee, wala hajitangulizi. Haya ya namna hiyo haimzuii mtu kutenda lililo jema. Hofu tunayoizungumzia humzuia. Analo la kusema, anatamani kulisema, wala halisemi. Wataalamu wa afya ya akili huihesabu kuwa ugonjwa inapodumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kuvuruga masomo, kazi au mahusiano ya mtu. Mara nyingi huanza katika ujana. Tusiifanye kuwa pepo wa kukemewa, wala ushahidi wa imani haba.

Mwili unaposadiki kwamba upo hatarini, humwaga damuni homoni iitwayo adrenalini: moyo huenda mbio, viganja hulowa jasho, sauti hutetemeka. Ni maandalizi yale yale ambayo yangemfaa aliyekutana na chui njiani, ila hapa hakuna chui, pana majirani ishirini wenye vitabu vya nyimbo. Kisha akili yake huacha kuwatazama majirani hao, ikaanza kujitazama yenyewe. Hupima jinsi anavyoonekana kwa jinsi anavyojisikia, na hapo ndipo anapodanganyika, maana mtetemo anaousikia yeye kama mdundo wa ngoma, aliyeketi benchi la tatu huenda hauoni kabisa. Akikimbia, hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego: moyo hujifunza kwamba umepona kwa sababu ulikimbia. Wengine hutafuta ujasiri katika pombe kabla ya kusimama shereheni, wakaishia kuwa na matatizo mawili.

Nasi mapadre tusijifanye kuwa hatuyajui haya. Seminarini tulifanya mazoezi ya kuhubiri mbele ya wenzetu, na tumo tulioshika mimbari kwa mikono miwili ili kuuficha mtetemo. Tulimaliza mahubiri bila kukumbuka uso wa msikilizaji hata mmoja. Kilichotusaidia ni kurudi pale tena na tena, na kujizoeza kuwatazama watu badala ya kuisikiliza mikono yetu.

Basi, mwenye hofu hii aanze na lililo dogo. Baada ya Misa awasalimu watu wawili, na kila mmoja amwulize swali moja la kweli, kisha alisikilize jibu. Likizoeleka, atoe ombi la sentensi moja katika Jumuiya, hata kwa kulisoma katika karatasi. Baadaye asome somo katika Misa ya asubuhi ya siku ya juma, ambapo waamini ni wachache. Dominika itakuja kwa wakati wake. Katika kila hatua asiondoke hofu ikiwa kileleni, bali akae mpaka ianze kushuka, kwa kuwa hushuka. Hatua moja hurudiwa mara nyingi kabla ya kuhamia nyingine.

Iwapo hofu imemfungia mtu ndani, amwendee mtaalamu. Yapo matibabu ya mazungumzo na zipo dawa, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Huko si "kupelekwa Mirembe", kama watani wanavyopenda kusema. Padre atamsikiliza na kusali pamoja naye, lakini kitubio ni kwa ajili ya dhambi, na hofu hii si dhambi.

Mungu hakumwondolea Musa uzito wa ulimi. Alimpa Haruni ndugu yake (Kut 4). Naye Paulo, alipojua kwamba Timotheo huenda akafika Korintho, aliwaagiza wenyeji wahakikishe kwamba anakaa kwao bila hofu (1 Kor 16:10). Agizo lile lilikuwa la wenyeji. Kwa hiyo wenyeviti wetu wasimshtukize mtu. Wamwombe siku kadhaa kabla, na wamwachie nafasi ya kukataa. Msomaji akikosea jina la nabii, tusigune. Wazazi wasimcheke mtoto mbele ya wageni kwa kuwa amejificha nyuma ya mlango. Na kabla ya kumnyima mzazi barua ya ubatizo kwa sababu haonekani, waende kwake watu wawili tu, bila daftari la mahudhurio, wakae, wamsikilize.