Nasaba Iliyomfichua Mwuaji

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 1984, katika mji wa Bath ulioko magharibi ya Uingereza, binti wa miaka 17 aitwaye Melanie Road aliagana na wenzake baada ya dansi, akashika njia ya kwao kwa miguu, asifike. Alfajiri muuza maziwa, aliyekuwa akigawa chupa zake mlango kwa mlango pamoja na mwanawe mdogo, alimkuta amelala chini, amechomwa kisu mara 26. Hapakuwa na cha kumtambulisha ila kishikio cha funguo zake kilichoandikwa jina la Melanie. Basi askari wakapanda gari lenye kipaza sauti, wakapita mitaa ya jirani wakinadi na kuuliza kama kuna nyumba ambayo binti wa jina hilo hakurudi usiku ule. Mama yake aliusikia mwito huo kwa masikio yake, akiwa nyumbani.

Wapelelezi walikusanya nguo za marehemu, wakachukua na michirizi ya damu iliyodhaniwa kuwa ni ya mwuaji aliyejikata kwa kisu chake mwenyewe. Lakini damu katika zama zile haikusema mengi: ilitaja kundi lake, na kundi moja la damu ni la maelfu ya watu. Wanaume 94 walikamatwa, na wote wakaachiwa.

Miezi mitatu tu baada ya msiba huo, tarehe 10 Septemba 1984, mtaalamu Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, yaani ile hati iliyomo karibu katika kila chembe ya mwili, ambayo watu wawili hawashirikiani isipokuwa wawe pacha wa kufanana. Elimu hii ilipotumiwa katika mauaji kwa mara ya kwanza, kazi yake ya awali, nami napenda jambo hili lisisahauliwe, ilikuwa ni kumwokoa asiye na hatia. Wasichana wawili wa miaka 15, Lynda Mann na Dawn Ashworth, walikuwa wameuawa katika vijiji jirani vya Leicestershire, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 alikwisha kukiri mojawapo ya mauaji hayo; Jeffreys akalinganisha vinasaba, akabainisha kuwa mwuaji ni mtu mmoja na wala si kijana yule. Hatimaye alipatikana Colin Pitchfork, aliyekuwa amemtuma mfanyakazi mwenzake akatolewe damu ya kupimwa kwa jina lake, na mwaka 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Basi hebu tumfikirie mtunza vielelezo wa kesi ya Melanie, ambaye hatajwi magazetini. Yeye ndiye aliyekausha nguo, akazitia katika mifuko ya karatasi wala si ya plastiki, kwa kuwa unyevu huzaa ukungu na ukungu hula vinasaba. Akaandika tarehe na kutia sahihi, na kila aliyegusa baada yake akatia yake. Alihifadhi amana ambayo manufaa yake hakuyajua. Pale ambapo amana hii inakosekana, au maiti inachelewa kupatikana, haki hujikongoja. Wasomaji wa Kenya wanamkumbuka Agnes Wanjiru, mama kijana wa miaka 21 aliyetoweka Nanyuki mwezi Machi 2012, na maiti yake ikapatikana baada ya miezi miwili katika shimo la maji machafu la hoteli. Uchunguzi wa mahakama ulithibitisha mwaka 2019 kuwa aliuawa, na hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza ikaja kutolewa Septemba 2025.

Huko Bath, vinasaba vya mwuaji vilisomwa, vikalinganishwa na daftari la taifa la vinasaba lililoanzishwa mwaka 1995, na hakuna jina lililojitokeza, kwani mwenyewe hakuwahi kutiwa humo. Hata mwaka 2014 mwanamke mmoja akagombana na mpenzi wake, mkufu ukakatika, polisi wakaitwa. Naye mwanamke, kama ilivyo kanuni ya polisi, akapanguswa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba. Kosa lenyewe lilikuwa dogo mno. Lakini mtoto hurithi nusu ya hati yake kwa baba na nusu kwa mama, na mwaka uliofuata, wapelelezi walipotafuta katika daftari si mwuaji mwenyewe bali jamaa yake wa karibu, jina la mwanamke huyu likajitokeza. Kiswahili kilikwisha kulisema hili katika neno lenyewe: vinasaba vimetokana na nasaba. Askari wakamwendea baba yake, Christopher Hampton, mpaka rangi, wakamwomba naye apanguswe. Akakubali, na hati zikalingana sawasawa.

Mwezi Mei 2016, mbele ya mahakama ya Bristol, mzee huyo wa miaka 64 alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha maisha, asifikiriwe kuachiwa kabla ya miaka 22. Mama yake Melanie, mwenye umri wa miaka 81, alikuwamo mahakamani akimsikiliza, miaka 32 kasoro mwezi mmoja tangu asubuhi ile ya kipaza sauti.