Mama Akitaka Kuacha Pombe: Njia ya Matibabu Kisii na Nyamira

Katika maboma mengi, uamuzi wa kumwachisha mama pombe hufanywa na watu wengine, tena ghafla. Ndugu wa mume wanakutana jioni, mama anafungiwa chumbani, na watoto wanaonywa wasimpe hata tone. Siku ya kwanza mikono inamtetemeka na anatapika. Usiku wa pili hapati usingizi, jasho linamtiririka, na anaanza kuwaona wadudu ukutani ambao hakuna mwingine anayewaona. Familia inasema ni ukaidi, au ni mapepo yanayomtoka. Kumbe huo ndio wakati wa kutafuta gari la kumpeleka hospitalini.

Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka hujipanga upya ili uweze kufanya kazi ndani ya kileo. Kileo kikiondolewa mara moja, ubongo hubaki umechangamka kupita kiasi. Dalili za mwanzo huonekana muda wa saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuchanganyikiwa kukali, pamoja na homa na mapigo ya moyo kwenda mbio, hutokea zaidi siku ya pili au ya tatu, na mtu asipotibiwa anaweza kufa. Bangi na sigara humtesa anayeziacha, lakini kuziacha ni nadra kuua. Pombe inaua anayeinywa, na inaweza pia kumuua anayeiacha vibaya.

Kwa hiyo mtu anayekunywa kila siku, hasa yule anayeamka na kutafuta kikombe cha kutoa loki ndipo mikono itulie, asikatishwe pombe ghafla kabla ya kuonana na mhudumu wa afya. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza kama diazepamu, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo, maji na chakula. Kazi hiyo huchukua takriban juma moja. Akipata degedege nyumbani, hiyo ni dharura, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura.

Wachache wanaoonekana

Utafiti wa kitaifa uliotolewa na NACADA mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 65, mwanamume 1 kati ya 3 hutumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya, tumbaku ikiwamo. Kwa wanawake ni 1 kati ya 16, yaani 736,408 nchini kote. Kwa sababu wanaume ni wengi zaidi, huduma nyingi zimepangwa kwa kuwafikiria wao. Vitanda, ratiba na hata mifano inayotolewa kwenye mazungumzo ya kikundi ni ya mume aliyekunywa mshahara. Mama aliyekunywa pesa za chama hana mahali katika hadithi hiyo.

Mwili wa mwanamke pia haubebi pombe sawa na wa mwanamume. Una maji kidogo zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo glasi moja huacha kileo kingi zaidi katika damu. Wanawake wengi hufika kwenye utegemezi, na kwenye ugonjwa wa ini, baada ya miaka michache kuliko wanaume walioanza pamoja nao. Kwa mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Hata hivyo mjamzito anayekunywa kila siku naye asiachishwe nyumbani. Aanzie kliniki ya wajawazito, na aseme ukweli wote.

Ukweli huo ndio mgumu. Mwanamume mlevi huitwa mlevi. Mwanamke mlevi huitwa majina mengine yasiyofaa kuandikwa hapa. Gusii ni eneo la makanisa, na baadhi yao hayaruhusu pombe kabisa, hivyo mama huweza kukaa mstari wa mbele kila juma huku akiwa na chupa nyuma ya ghala. Anayejificha hivyo hufikishwa hospitalini akiwa amechelewa, mara nyingi kwa sababu nyingine: ameanguka, amevimba tumbo, au ameungua jikoni.

Pale sufuria ni ya biashara

Kuna kundi moja linalostahili kuzungumziwa peke yake. Busaa ya wimbi na mahindi, ile inayoitwa amarwa, pamoja na chang'aa, kwa sehemu kubwa hupikwa na wanawake. Wengi walianza kwa ajili ya karo. Majani ya chai hulipwa mara moja kwa mwezi na bonasi huja mara moja kwa mwaka, lakini mwalimu huwafukuza watoto Jumatatu yoyote. Mpishi huonja ili ajue kama imeiva. Huonja tena mteja anapolalamika, na hunywa na mteja anayenunua sana. Miaka inapita, na hawezi tena kusema ni lini kuonja kuligeuka kuwa kunywa.

Mama kama huyo akienda kutibiwa miezi mitatu na kurudi kwenye sufuria ileile, matibabu yale yamepotea bure. Anahitaji kazi nyingine kabla hajarudi, na hili ni jambo la kuzungumzwa na familia pamoja na chama chake mapema, wakati bado yuko kituoni. Kisii na Nyamira zina njia ambazo wanawake tayari wanazijua: miche ya migomba, mboga za kienyeji kama managu na chinsaga, kuku, na kule Tabaka kazi ya kusugua na kung'arisha vinyago vya mawe. Hakuna hata moja inayolipa haraka kama chang'aa, na ni heri hilo lisemwe wazi kuliko kumwahidi mtu utajiri wa kuku.

Wapishi hawa pia huogopa kwamba wakifungua mdomo zahanati, chifu atafika kesho yake. Ni kweli kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inamtaka anayetengeneza au kuuza awe na leseni. Lakini Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu atunze siri ya mgonjwa. Kinachosemwa katika chumba cha matibabu ni habari ya matibabu. Hofu hii isipoondolewa, wanaojua zaidi hatari ya kinywaji hicho watabaki ndio wa mwisho kutibiwa. Na hatari ipo: Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu, na baadhi ya walionusurika walipoteza uwezo wa kuona.

Kuanzia zahanati hadi kituoni

Safari huanzia karibu. Mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi wa zahanati anaweza kutumia maswali 10 yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Yanauliza mtu hunywa mara ngapi na kiasi gani, kama hushindwa kuacha akishaanza, kama huhitaji pombe asubuhi, na kama kuna mtu wa karibu aliyemwambia apunguze. Alama za juu kabisa ni 40. Anayepata 8 au zaidi anakunywa kwa namna ya kumdhuru, na anayepata 20 au zaidi anahitaji kuchunguzwa kwa utegemezi.

Si kila mmoja wao anahitaji kulazwa. Wengine hupona kwa ushauri nasaha wa mara kwa mara wakiwa nyumbani kwao. Wenye dalili kali za kuacha hupewa rufaa, kwa wengi wa eneo hili ikiwa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Kutoa sumu mwilini si kutibu uraibu. Ni kufungua mlango tu. Baada yake huja unasihi, kutibu sonona ambayo kwa wanawake mara nyingi hutembea pamoja na pombe, kupima ini na virusi vya HIV, na kwa baadhi kukaa katika kituo cha kurekebisha tabia, kwa kawaida miezi mitatu.

Kabla ya kulipa kituo chochote, familia iulize kama kimeidhinishwa na NACADA. Iulize pia maswali ambayo kwa mgonjwa mwanamume pengine yasingeulizwa: wanawake wanalala wapi, nani ana ufunguo wa chumba chao usiku, kuna mshauri mwanamke, na mama anayenyonyesha atafanya nini? Kituo kinachokasirishwa na maswali hayo kimeshajibu. Kuhusu gharama, dawati la Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, katika hospitali ya rufaa lionwe kabla ya mgonjwa kulazwa, ili ijulikane ni sehemu gani inalipiwa na ni ipi itatoka mfukoni.

Zipo pia dawa zinazouzwa kwa ahadi kwamba zikitiwa kwenye chai kwa siri, mama atachukia pombe. Dawa halisi ya aina hiyo, disulfiramu, hutumiwa na mtu anayejua anachokimeza na anayefuatiliwa na daktari. Akipewa bila kujua kisha akanywa, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla na moyo ukasumbuka.

Nyumbani nani anabaki

Mume akienda kutibiwa, mke hubaki na watoto, ng'ombe na chai. Mke akienda, swali la kwanza ni nani atapika. Kina mama wengi hukataa kulazwa kwa sababu hiyo, na wengine huondoka kituoni baada ya majuma mawili waliposikia mtoto mdogo anaumwa. Dada, mama mkwe au shangazi aliyekubali waziwazi kukaa na watoto kwa miezi mitatu ni sehemu ya matibabu sawa na daktari. Mume naye aende siku za kutembelea. Washauri wanajua vizuri foleni ya wake wanaokuja kuwaona waume, na jinsi foleni ya upande wa pili ilivyo fupi.

Akirudi, miezi ya kwanza ndiyo migumu. Wataalamu hukadiria kwamba asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa hurudia kileo wakati fulani, kiwango kisicho mbali na cha wagonjwa wa shinikizo la damu wanaoacha dawa. Anayeanguka hurudishwa kliniki, hafukuzwi. Nyakati za hatari zinajulikana na zinaweza kupangiwa: juma la bonasi, matanga, na msimu wa tohara wa Novemba na Desemba ambapo kila boma lina mtungi. Asitumwe kununua pombe ya wageni, wala asiambiwe aonje tu kwa heshima.

Simu ya NACADA ya ushauri ni 1192, nayo haitozwi. Anayepigwa nyumbani, akiwa anakunywa au la, anaweza kupiga 1195. Anayepiga kwa niaba ya mgonjwa awe tayari kusema umri wake, anakunywa nini na kwa muda gani, kama ni mjamzito au ananyonyesha, kama amewahi kupata degedege, na saa aliyokunywa mara ya mwisho.