Kunasa Mabaki ya Viuavijasumu katika Maziwa

Katika mkoa wa Tanga, ambako kipo kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh, maziwa ya wafugaji wadogo huchanganywa katika matangi ya kupozea, hivyo ng'ombe mmoja aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele huweza kuharibu maziwa ya wafugaji wengi. Penisilini na oksitetrasaiklini ni viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Mabaki yake hayaishi yote kwa kuchemsha maziwa, nayo huweza kumdhuru mwenye mzio, kuchangia usugu wa vimelea, na kuwazuia bakteria wanaogandisha mtindi.

Viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius vinaruhusu oksitetrasaiklini isiyozidi maikrogramu 100 katika lita moja ya maziwa, na benzilipenisilini isiyozidi maikrogramu 4 katika kilo moja, maikrogramu ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiasi hicho kidogo hufichwa na mafuta na protini, na oksitetrasaiklini hasa hushikana na kalisi ya maziwa, ndiyo maana mpimaji huongeza kwanza kemikali ya kuiachanisha na kalisi, kisha huondoa protini na mafuta.

Kisha, ili kuinasa dawa yenyewe, hutumika polima (dutu za molekuli ndefu, kama plastiki) zenye chapa ya molekuli, ambazo msingi wake uliwekwa na Günter Wulff wa Ujerumani mwaka 1972. Polima huundwa kuizunguka molekuli ya kiolezo, ambayo ikioshwa huacha vishimo vyenye umbo lake na sehemu za kushikana nayo; tofauti na kifumbu, kinachochuja kwa ukubwa pekee, vishimo hivyo hunasa dawa inayolingana navyo kwa umbo na kwa kemia. Dawa iliyonaswa huoshwa, huachiliwa kwa kiyeyushi na kupimwa kwa kromatografia, mbinu ya kutenganisha kemikali. Kwa kuwa mabaki ya kiolezo huweza kuvuja na kutoa jibu la uongo, wataalamu mara nyingi huchagua kiolezo kinachofanana na dawa inayotafutwa, badala ya dawa yenyewe.

Vipimo vya haraka vinavyotumia bakteria wasiokua penye dawa vinafaa kwa uchunguzi wa awali, ilhali polima husaidia maabara kuthibitisha ni dawa gani na ni kiasi gani. Hata hivyo, hakuna kipimo kinachosafisha tangi lililokwisha kuchafuka; mfugaji hana budi kuandika tarehe ya tiba na kutouza maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa zitimie.