Daftari la Mkulima na Walinzi Waliomo Ndani Yake

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walilisema neno hilo katika zama za kitabu na kalamu ya wino, lakini hivi leo lina uzito zaidi. Kilo za korosho za mkulima wa Masasi, Newala na Tandahimba haziishii tena katika kitabu cha karatasi. Zinaingia katika kanzidata, yaani daftari kuu lililomo ndani ya kompyuta, na malipo yake hufuata yale yaliyoandikwa humo. Leo tunapenda kulizungumza daftari hilo, na hasa vyombo vya ulinzi ambavyo huja vikiwa vimejengwa ndani yake, ambavyo havihitaji kuagizwa wala kununuliwa, na ambavyo aghalabu huachwa vimelala.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao zao lao ni karafuu, pengine wangependa kujua safari ya korosho ilivyo. Tangu msimu wa 2007/08, korosho ya mkoa wa Mtwara huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, naye anapewa hati. Mzigo huo hupelekwa ghala kuu, kisha hupigwa mnada chini ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi, na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Katika msimu wa 2024/25 minada hiyo ilianza kuendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mwisho wa safari, baada ya makato, fedha huingia katika akaunti ya mkulima. Katika kila kituo pana tarakimu inayoandikwa, na kila panapoandikwa tarakimu pana nafasi ya kukosea na nafasi ya kuiba.

Wananchi wa huku hawajasahau msimu wa 2018. Wakulima walizikataa bei za mnada. Mwezi Novemba mwaka huo Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Lakini kabla ya fedha kutoka ilibidi ufanyike uhakiki, ili mkulima halisi atengwe na mlanguzi wa kangomba. Swali lilikuwa moja: je, mwenye kilo hizi analo shamba la kuzizaa? Swali hilo lilijibiwa kwa miguu na kwa magari, kijiji kwa kijiji, na malipo ya wengi yakachelewa. Hatusemi kwamba uhakiki ule haukuwa na sababu. Tunachosema ni kwamba swali la namna hiyo, ambalo linaunganisha mtu, shamba na kilo, ndilo swali ambalo kanzidata zilibuniwa kulijibu.

Mnamo mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alionyesha jinsi taarifa zinavyoweza kupangwa katika majedwali yanayofungamana. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilianzishwa kazi iliyozaa programu iitwayo PostgreSQL, ambayo leo hutolewa bure kwa yeyote. Wala programu hiyo si ngeni kwetu. Taarifa za MTUHA, zinazotoka katika zahanati na hospitali zetu, hukusanywa katika mfumo wa DHIS2, uliojengwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa Bara kwa mchango mkubwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mfumo huo umesimama juu ya PostgreSQL. Kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya ng'ambo. Chombo kimo nyumbani.

Sasa tuwatazame walinzi hao mmoja mmoja.

Wa kwanza ni masharti. Msimamizi wa kanzidata anaweza kuiamuru ikatae kabisa kupokea hati mbili zenye namba moja, au uzito ulio chini ya sifuri, au stakabadhi iliyoandikwa kwa jina la mkulima asiyemo katika rejesta. Sharti hilo likiwekwa ndani ya kanzidata yenyewe, humbana karani wa Newala sawasawa na ofisa wa Dodoma. Likiachwa katika ukurasa wa kuingizia taarifa peke yake, mjanja hupita mlango wa nyuma.

Wa pili ni muamala. Fedha ikitoka katika hesabu ya chama lazima iingie katika hesabu ya mkulima. Umeme ukikatika katikati, kanzidata iliyotumiwa ipasavyo hurudisha mambo yote yalipokuwa. Ama hatua zote mbili zimetendeka, ama hakuna iliyotendeka. Hakuna senti inayobaki njiani.

Wa tatu anahusu majina, na hapa watu wa Bara na Visiwani tuna shida moja. Mtu yule yule huandikwa Hamisi huku, Hamis kule, na Khamis akivuka bahari. Kwa jicho la kompyuta hao ni watu watatu, na watu watatu wanaweza kupata mgao wa salfa mara tatu. PostgreSQL huja na nyongeza inayoyakata majina katika vipande vya herufi tatu tatu na kupima yanavyofanana. Haitoi hukumu, bali humletea mtaalamu orodha ya wanaotiliwa shaka, ili ofisa wa kijiji akaulize. Nyongeza hiyo haina bei. Inahitaji kuwashwa tu, na mtu anayejua kwamba ipo.

Wa nne ni ruhusa na kumbukumbu. Tangu mwaka 2016 programu hiyo inaweza kumwekea kila mtumiaji mpaka, hata karani wa chama kimoja asione safu za wakulima wa chama kingine. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo jambo hili si hiari tena. Pamoja na hayo, mtaalamu anaweza kutega ndani ya jedwali mtego unaoandika nani amebadili nini, saa ngapi, na tarakimu ya awali ilikuwa ipi. Lakini tuwe macho: mwenye ufunguo mkuu anaweza kuutegua mtego huo. Ndiyo maana kumbukumbu ya mabadiliko haifai kukaa mikononi mwa mtu yule yule anayelinda kanzidata. Mtunza ghala hajikagui mwenyewe.

Wa tano hujitokeza pale mfumo unaposuasua. Katika kilele cha msimu husikika kilio kwamba kompyuta ni nzito, na dawa ya kwanza kutajwa ni kununua mashine mpya. Kumbe imo amri moja inayoifanya kanzidata ieleze yenyewe njia inayopitia kutafuta jibu. Mara nyingine huonekana kwamba inasoma daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, kwa kukosa faharasa. Faharasa hutengenezwa kwa mstari mmoja wa maandishi. Mashine mpya hununuliwa kwa fedha za wananchi.

Wa sita, na pengine mkubwa kuliko wote, ni nakala ya akiba. Hapa dunia imetupa funzo ambalo halifai kupita bure. Usiku wa tarehe 31 Januari, 2017, katika kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake yenyewe ni ya kompyuta, mtaalamu aliyechoka alifuta kwa bahati mbaya kanzidata iliyokuwa ikitumika. Walipozikimbilia akiba zao waligundua kwamba chombo cha kutolea nakala kilikuwa kimeshindwa kazi kimya kimya, kwa sababu toleo lake halikulingana na toleo la kanzidata, na barua za kuonya hazikuwa zikiwafikia. Taarifa za takriban saa sita zilipotea. Ikiwa hayo yaliwafika mafundi wa kiwango kile, sisi tuna sababu gani ya kujiamini? Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa ni matumaini tu.

Hata hivyo hatutaki kuvitukuza vyombo hivi kupita kiasi. Kanzidata haiuoni mkorosho. Uongo ulioandikwa kwa utaratibu mzuri utatunzwa kwa uaminifu na kuwa uongo uliohifadhiwa vyema. Shamba la hewa lililosajiliwa kwa namba halali litapita masharti yote tuliyoyataja. Kwa hiyo macho ya kijiji bado yanahitajika, pamoja na uaminifu wa karani aliye kwenye mzani. Tofauti ni kwamba kazi ya macho hayo, ikishafanywa vizuri, inaweza kulindwa, isilazimike kuanzwa upya kila msimu.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, hali si tofauti. Karafuu hununuliwa na shirika moja, ZSTC, na mkulima wa Wete anahitaji uhakika ule ule anaouhitaji mkulima wa Newala: kwamba kilo zilizopimwa ndizo zilizoandikwa, na zilizoandikwa ndizo zitakazolipwa.

Basi tunawaomba viongozi wa ushirika na maofisa wa Serikali, Bara na Zanzibar, mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutia saini mkataba wa mfumo mpya, waulize vyombo vilivyomo katika ule uliopo vimetumika kwa kiasi gani. Pili, vijana wetu wa wilayani wasifundishwe kubonyeza na kujaza peke yake. Wachaguliwe wachache wenye uwezo, wafundishwe usimamizi wa kanzidata mpaka ndani kabisa, ili hitilafu ya Masasi itatuliwe Masasi. Tatu, kabla ya mzani wa kwanza kufunguliwa kila msimu, nakala ya akiba irudishwe katika kompyuta nyingine, mbele ya mashahidi, na jumla ya kilo za msimu uliopita ilinganishwe na ile ya vitabu.

Jaribio hilo la tatu halidai fedha nyingi. Linadai siku chache, mtaalamu anayeijua kazi yake, na kiongozi asiyeogopa kuliona jibu. Mkulima aliyepalilia, akapulizia salfa, akaokota korosho moja moja chini ya jua la Makonde, anastahili angalau hayo.